Mizani yangu imenizeesha

Morogoro,
Jumapili jioni.

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka mji kasoro bahari. Najua utasema nimekutupa, na kweli nimekutupa, ila sababu ninayo: Jumamosi zangu zote zimemezwa na gulio.

Si gulio la halmashauri. Ni letu wenyewe, watu saba tusiolipwa hata nauli, pamoja na wakulima kama kumi na watano wanaoshuka na mazao yao kutoka Mgeta, Matombo na Kinole. Uwanja wa kuazima, meza za kuazima, turubai tu ndilo letu. Mimi nimepewa mizani. Kazi ya lawama hiyo!

Unakumbuka lumbesa ilivyomtesa baba. Dalali anakuja na gunia lake, linajazwa karoti mpaka mdomoni, kisha linashonewa kilemba kizima juu yake, na bei ni ile ile ya gunia moja. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mvua inanyesha, barabara utelezi, lori liko moja, nani atambishia mwenye lori? Ndiyo maana siku ya kwanza nilisimama nikasema hapa kila kitu kitapimwa kwa kilo.

Kumbe wasiotaka ni wanunuzi! "Kilo za nini, mwanangu, nipangie fungu." Hata mama mmoja wa Matombo, anayeleta ndizi na mdalasini, aliniambia mizani yangu ina roho mbaya, haijui nyongeza. Nilinuna wiki nzima, lakini alisema kweli. Siku hizi matembele, mnafu na majani ya maboga vinauzwa kwa mafungu, vingine kwa kilo, na nyongeza anatoa muuzaji akipenda.

Huyo mama ndiye aliyetuokoa mwezi uliopita. Alikuja kijana na nyanya zinazong'aa, zote saizi moja, akadai kalima mwenyewe bila dawa za dukani. Sisi hatuna mkaguzi wa kulipwa. Wakulima wako kwenye vikundi, wanatembeleana mashambani na kukaguana: mbolea gani, umepulizia nini, jirani yako wa juu anapulizia nini. Vikundi vya namna hiyo vikikidhi viwango vya Afrika Mashariki vya kilimo hai, yaani kilimo bila dawa na mbolea za viwandani, vilivyopitishwa mwaka 2007, vinaweza kupewa alama ya Kilimohai. Vyetu bado, ila ukaguzi ni ule ule. Kijana hakuwa na kikundi. Mama akamuuliza kwa upole kabisa, "Kantangaze unamtibu na nini?" Akajibu, "Kwangu hayupo." Wakulima walicheka mpaka wakashika mbavu. Mdudu huyo tangu aingie nchini mwaka 2014 hakuna mkulima wa nyanya asiyemlalamikia, na huyu hata hakushtuka kusikia jina lake! Alizinunua alfajiri soko kubwa. Tulimwambia akauzie huko huko, bila kumtukana.

Na wewe wa Dar usiseme hayakuhusu. Ruvu mnayokunywa inaanzia kwenye milima hii. Mkulima wa Mgeta akilima mteremko bila matuta, udongo wake unakuja kuwasalimia bombani. Kwa hiyo yule anayechimba matuta na kupanda matete kingoni, ukimlipa bei nzuri ya njegere, na maji yako umeyalipia hapo hapo.

Sasa shida yangu. Mizani tuliyoazima mwenyewe anaitaka. Ukipita Kariakoo niangalizie ya saa, ya kuning'iniza, ya kilo 20, ila hakikisha ina stika ya Wakala wa Vipimo, usije ukaniletea ya kuibia watu nikaumbuka mbele ya yule mama. Niambie bei, nitakutumia kwa simu. Na vikapu vya ukili kama kumi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019 bado kuna wanaokuja mikono mitupu, wanaondoka na nyanya kwenye kanga.

Mpe vyote konda wa basi Jumanne, nitavipokea stendi ya Msamvu.

Wako,
shoga yako wa Moro