Barua kwa Kulwa, kuhusu ile laptopu

Kulwa mwanangu,

Mwangaluka. Huku Nyegezi wote wazima, baba yako mgongo umetulia, bibi yako kila siku anauliza kama Dar mvua imeisha. Nimeamua kuandika barua maana kwenye simu mimi na wewe hatumalizi jambo, nikianza tu unasema "sawa mama, sawa mama", alafu kesho yake unanitumia tena ile picha ya laptopu ya inchi 13, nyembamba kama biskuti, na chini umeandika "mama hii ndo yenyewe". Sasa leo umeme umerudi saa moja jioni, wateja wameisha, nimeteremsha mlango wa duka nusu, nimekaa hapa kaunta niseme yote bila kukatwa.

Tuanze na hili la Doto maana najua ndo linalokuuma. Unasema mwenzako alinunuliwa ndogo nzuri ya kuweka kwenye pochi, we nakulazimisha kubeba gogo la kioo kikubwa. Mwanangu, mlizaliwa siku moja mkapishana dakika kumi na kitu, ila hamsomi kitu kimoja. Doto yuko uuguzi, kutwa kasimama wodini, na ule mwezi wa mazoezi alikuwa anavuka na meli kwenda Nansio kule Ukerewe, masaa matatu na zaidi majini, laptopu kaipakata, kushoto ndoo ya mtu, kulia kuku wa mtu, akifika anaandika ripoti yake ya kurasa nne anafunga anaendelea na mambo mengine. Kwa maisha hayo kilo moja na robo ni haki yake kabisa, ningempa kubwa ningekuwa namtesa. We je? We unatoka hosteli unatembea dakika chache unafika chuoni, unakaa kitini mpaka saa nane usiku. Ramani ya jengo upande huu, jedwali la BOQ, ile orodha ya vifaa vya jengo na gharama zake, upande huu, unahesabu tofali na nondo mstari kwa mstari. Mwaka wa kwanza ulinililia hapa hapa dukani kwamba unafungua ramani, unakariri kipimo kichwani, unafunga, unafungua Excel, unaandika, ukirudi kwenye ramani umeshasahau ulikuwa chumba gani. Maneno yako hayo, mi nakurudishia tu.

Jana nilifanya kitu, Doto alikuwepo akanicheka sana. Nilichomoa karatasi moja ya A4 kwenye rimu nikailaza kwa ubavu juu ya kioo cha hii laptopu ya dukani, inchi 17.3. Ikaingia yote, na pembeni ikabaki nafasi ya sentimita 8 na kitu, vidole vyangu vinne vilienea pale. Akapita kijana mmoja wa Malimbe, mteja wangu, ana ya inchi 15.6, nikamwambia hebu lete, karatasi ikazidi kwa chini kama sentimita moja na nusu. Tukaja ya Doto, 13.3, kwa upana ikakosa milimita tatu tu nikasema aa mbona sio mbaya, kumbe kwa chini karatasi inaning'inia sentimita nne na nusu nzima. Yaani kwenye kioo kama hicho unachokitaka we, ukurasa wa kawaida kabisa ninaouza shilingi mia hauenei kwa ukubwa wake. Na ramani zenu hazichapwi kwenye A4, mnakuja na A3 mnakuja na A1, A1 moja ni A4 nane.

Watu wanadanganywa na hizo namba. Inchi zinapimwa mshazari, kona mpaka kona, kwa hiyo mtu akisikia 13 na 17 anaona tofauti ni inchi nne, kidogo tu. Zidisha urefu kwa upana, ya 17.3 inatoa sentimita za mraba 820 na kitu, ya 13.3 inatoa 480 na kitu. We si ndo mtu wa makadirio, piga mwenyewe.

Ila hapa nikwambie aibu yangu, maana nisipokwambia utaenda Kariakoo utapigwa kama nilivyopigwa mimi. Mwaka juzi kabla ya hii nilinunua 17 nyingine kwa muuzaji mmoja huko mjini, kaniambia "mama kioo kikubwa hiki, utaona kila kitu". Nikalipa. Nimefika dukani nafungua lile daftari langu la madeni kwenye Excel, herufi kubwa kama bango la harusi, na safu zinazoonekana ni chache kuliko kwenye ile 15 yangu ya zamani! Nikajua mashine imeharibika. Kumbe haijaharibika, ndo ilivyo, kioo chake kilikuwa na pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, 1600 kwa 900, wakati ile 15 ilikuwa na 1920 kwa 1080. Kubwa kwa macho, ndogo kwa kazi. Nilikaa nayo wiki tatu nikamuuzia kwa hasara mzee mmoja anayesomea Biblia, yeye ilimfaa vizuri mno, mpaka leo ananishukuru, mi moyoni nalia.

Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji usisikilize mdomo wake. Washa, bofya kulia kwenye ule uso wa mbele usio na kitu, fungua mipangilio ya kioo, soma namba. Ikiwa chini ya 1920 kwa 1080 mwambie ahsante ondoka, hata akushike mkono.

Najua utanijibu kwamba na ile nyembamba yako nayo ni 1920 kwa 1080. Ndiyo, ya Doto pia. Lakini kwenye kioo kidogo namna ile herufi zinakuwa punje punje, kwa hiyo Windows yenyewe inazikuza kwa asilimia 150 ili binadamu aweze kusoma, na ikishakuza hivyo nafasi unayobaki nayo ya kufanyia kazi ni sawa na mtu mwenye 1280 kwa 720. Uirudishe asilimia 100 uone, Doto alirudisha akasoma nusu saa kichwa kikamuuma. Na yeye ana miaka 21 sio mimi mwenye miwani. Pikseli umezilipia zote alafu nusu na zaidi zinaishia kunenepesha herufi.

Sasa mabaya ya kubwa, nisije nikaonekana nimehongwa. Hii yangu niliipima kwenye mzani wa mama Neema muuza dagaa hapa nje, kilo mbili na robo tatu, chaja peke yake karibu nusu kilo, mteja wake akauliza kilo shingapi. Betri inakula haraka maana taa ya nyuma ya kioo ni kubwa, umeme ukikatika hapa sina hata masaa mawili, wale wanafunzi wenye vidogo bado wanadunda. Mfuniko nao ni mzito, ukizoea kuufungua kwa kushika kona moja hinji zinachoka, hii yangu hinji ya kushoto ilianza kupasuka plastiki, fundi akanionyesha, ukifungua shika katikati kwa juu, polepole. Na zile namba za pembeni kwenye kibodi ni raha kwa sisi tunaoandika namba siku nzima, we kwenye BOQ utanishukuru, ila zinasukuma herufi zote kushoto, unakuta umekaa umepinda bila kujua, shingo inauma upande mmoja. Dawa yake kaa mbele ya herufi, usikae mbele ya kioo.

Na kuna la hapa kwetu ambalo huko Dar hulijui tena. Usiku vile vijidudu vya ziwani vikitoka, hiki kioo changu ni karabai. Wavuvi wanawasha taa kwenye giza dagaa wanakusanyika, mi nawasha laptopu dukani napata vijidudu vya kujaza kikombe. Hata hivi naandika navifuta na kitambaa cha miwani.

Lile wazo lako la kwamba ununue ndogo alafu hosteli uweke monita kubwa, sio wazo baya, ungekuwa na chumba chako ningekubali hapo hapo, wengi wanafanya hivyo na ndo wanafaidi pande zote. Lakini chumbani mko wanne, meza mbili. Monita utaiweka wapi, utaifunga na nini ukienda likizo? Na monita haina betri, umeme ukizima unarudi kwenye kioo cha biskuti katikati ya kazi ya kuwasilisha asubuhi. Hela yenyewe pia, milioni moja na laki moja ndo nimeweka, ukitoa ya monita na waya wa HDMI wa kuiunganisha, inayobaki ni ya laptopu ya kubahatisha.

Sipendi kujifanya najua kila kitu. Najua ninachokiona hapa kaunta. Wanafunzi wanakuja na vilaptopu vizuri kabisa vya inchi 11, inchi 13, wanakaa kwenye lile benchi, alafu kazi ikifika kwenye kupanga majedwali na kurasa wananiomba "mama naomba nitumie yako dakika tano". Dakika tano inakuwa saa nzima. Nimeshaanza kutoza mia tano. Wa sheria na wa kuandika andika tu huwaoni, hao vinawatosha, wanaokuja ni wa uhasibu, wa takwimu, na yule kijana mmoja wa ramani. Hata mmoja hajawahi kunifuata akasema mama kioo chako kikubwa mno naomba kidogo. Wanaolalamikia ukubwa ni mabega, na mabega yako yamebeba magunia ya mkaa ya bibi yako toka uko darasa la sita.

Kuna njia ya katikati niliyoigundua juzi, hii isome vizuri. Zipo zinazoandikwa inchi 16, kioo chake sio kile kirefu kama cha sinema, ni kirefu kidogo kwenda chini, wanaita 16 kwa 10, pikseli zake zinaanzia 1920 kwa 1200. Nimepiga hesabu, urefu wake kwenda chini ni sentimita 21 na nusu, sawa sawa na hii 17.3 yangu! A4 inalala inaenea yote. Inachopoteza ni upana tu, sentimita 4 hivi, na upana wenyewe unabaki sawa na wa ile 15.6 ya kijana wa Malimbe kwa hiyo begi la kawaida linaibeba. Nyingi zina uzito usiofika kilo mbili. Tatizo ni mpya mpya, kwenye zilizotumika hazijajaa bado, na bei zake zimenikodolea macho. Ukiipata ndani ya hela yetu, RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue GB 8, ya kuhifadhia iwe SSD sio diski ya zamani ya kuzunguka, nipigie usiku huo huo hata kama nimelala. Ukikosa, chukua 17.3 yenye pikseli kamili. Ukikosa na hiyo, 15.6 pia ni mtu mzima. Inchi 13 sitoi hela, na ukimtuma baba yako aniombee nitajua ni wewe.

Begi usinunue huko. Nimeongea na fundi wa mabegi hapa stendi, anashona na sponji ndani, nimempa kipimo cha sentimita 42 kwa 30, anataka elfu ishirini na tano nimemwambia ishirini, tutakutana katikati. Nitalituma kwa basi la Ijumaa pamoja na dagaa na mchele, dagaa nimewafunga mara tatu lakini tafadhali usiviweke pamoja na nguo.

Alafu chukua futi, pima ile meza ya hosteli upande wako, urefu na upana, ukitoa pale Hamisi anapoweka jiko lake. Nataka namba, usinijibu "sawa mama".

Mama yako,
Nyegezi