Bwana yupo, na ni mtu wa korosho

Newala, Mtwara
Jumapili jioni, Oktoba

Shoga yangu,

Salaam nyingi sana. Najua umeninunia. Meseji zako nimeziona zote, na hiyo ya mwisho, "ukipata bwana unatusahau", imenichekesha peke yangu jikoni. Haya, bwana yupo. Kaa kitako.

Ila kwanza kazi, ili ujue muda wenyewe nauiba wapi. Wiki iliyopita nilikuwa na zamu: saa kumi na mbili na nusu niko shuleni na kitabu cha zamu kwapani, usafi, mstarini, kisha vipindi vya Baiolojia na Kemia mpaka sauti inakauka. Kidato cha nne wanaanza mtihani wa taifa Novemba, kwa hiyo jioni tunarudi maabara. Gesi hatuna, tunachemshia jiko la mchina. Juzi tunapima wanga kwa ayodini, mtoto mmoja kauliza, "Madamu, na ming'oko?" Ile mizizi ya porini inayoliwa huku. Nikamwambia alete. Kaileta kweli, imefungwa kwenye mfuko wa rambo. Tumeimenya, tumeidondoshea ayodini, ikageuka bluu-nyeusi palepale, darasa zima makofi. Siku kama hiyo hata maandalio ya somo usiku hayanichoshi. (Uongo, yananichosha.)

Sasa yeye. Ni karani wa chama cha msingi kimoja cha ushirika wa wakulima wa korosho huku, ndiye anayesimama kwenye mizani na kuwaandikia wakulima stakabadhi. Tumejuana kwa maji. Hii Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na kiangazi kikikaza maji ni ya kununua kwa dumu. Alinikuta njiani nahangaika na dumu langu, akalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tairi, anauvuta huku ncha nyingine kaing'ata kwa meno. Hela akakataa. Akasema atakunywa chai. Shoga, huku mtu akikuletea maji bila kumwomba, majirani wameshamaliza kupanga sherehe.

Na siri hakuna. Siku moja tulienda Shimo la Mungu, pale kwenye ukingo ambapo unaliona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo. Tumekaa hata nusu saa haijafika. Kesho yake naingia darasani, huko nyuma mtu anakohoa: "Madamu, Msumbiji hawajambo?" Nikageukia ubao nisicheke.

Halafu msimu umefunguliwa, naye nimempoteza. Korosho zinakuja, daraja la kwanza zikae kwao, la pili kwao, magunia yaende ghala kuu, mnada upite, na wakulima wakiona bei ndogo wanaikataa. Tangu mfumo huu wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 watu wanaijua hesabu kuliko mimi, na wenye kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo, bado wanapita vichochoroni. Hata miaka huku inahesabiwa kwa korosho. Mama mwenye nyumba wangu akitaka kukwambia mjukuu wake kazaliwa lini, anasema ule mwaka wa wanajeshi, yaani 2018, Serikali iliponunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likazisomba.

Kwa hiyo tunaonana usiku, kibarazani kwa mama huyohuyo, naye yupo palepale anapeta mchele usiohitaji kupetwa. Mimi nasahihisha, yeye anajumlisha vitabu vyake vya stakabadhi. Mapenzi ya kalamu nyekundu na kikokotoo! Lakini nakwambia ukweli, napenda hivi. Unamkumbuka yule wa chuoni aliyekuwa anapiga kila saa kuuliza niko wapi? Huyu hana hata nafasi ya kuuliza.

Tumegombana mara moja, na si kwa wivu. Msimu huu madawati yanabaki wazi, watoto wako mashambani wanaokota korosho. Nikalalamika. Akasema bila hizo korosho hakuna sare wala madaftari. Nikamjibu mtihani haungoji mnada. Tukanuniana, chai ikapoa. Baadaye nasikia kwa mzazi mmoja kwamba siku hizi karani akimaliza kupima gunia la mtu aliyeongozana na mtoto, anauliza, "Na huyu leo shule hakuna?" Kwangu hajalitaja hilo hata kidogo. Hapo ndipo nilipokwisha, shoga.

Anataka kuja kwetu Korogwe Desemba kujitambulisha. Nimemwambia asubiri, mimi mwenyewe bado niko kwenye mwaka wa matazamio, sijathibitishwa kazini, na yeye ahesabu hivyohivyo. Akauliza barua yake ya kuthibitishwa anaisaini nani. Nikamwambia mama.

Ndiyo maana nakuandikia. Mama ukimpigia, usimwambie kitu. Akikubana sana, maana namjua, anza na kwamba ni mtu wa swala, halafu ndiyo useme ni Mmakonde, na habari ya korosho iache mwisho kabisa, hiyo itampoza.

Nisalimie wote hapo Dodoma. Na kile kitenge changu ulichoazima, nakihitaji.

Shoga yako,
Madamu