Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Ligi: kesi za pesa ziishe msimu huo huo

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mwanjelwa hapa Mbeya, mimi ni shabiki wa Mbeya City tangu inapanda ligi kuu 2013, na nina ombi moja, siku mkiamua kuweka sheria za kubana matumizi ya klabu kama zile za Uingereza basi wekeni na siku ya mwisho ya kesi kuamuliwa, iandikwe kwenye kanuni kabisa.

Sababu nimeiona kwa macho. Kwenye banda tunaloangalizia mpira kuna ubao wa msimamo, kijana wa pale anaandika kwa chaki. Novemba 2023 Everton wakakatwa pointi 10, kijana akafuta 14 kwa kiganja akaandika 4, timu ikatoka nafasi ya 14 mpaka ya 19. Kosa lenyewe ni hasara ya pauni milioni 124.5 kwa miaka 3 wakati kikomo kilikuwa milioni 105. Februari 2024 rufaa ikasema adhabu imezidi, ikabaki 6, akafuta tena. Machi Nottingham Forest nao wakakatwa 4, Aprili Everton tena 2 kwa hesabu za kipindi kingine, ule mstari wa Everton ulishakuwa mweupe wote kwa vumbi la chaki yaani namba yenyewe unaitafuta. Watu wanabishana nani anashuka daraja na mechi zimebaki chache, wachezaji nao hawajui wanapigania nini.

Na hao walau kesi zao ziliisha. Manchester City walifunguliwa mashtaka zaidi ya 100 Februari 2023, mengine ya hesabu za kuanzia 2009, wao wakakana yote, kesi ikaja kuanza kusikilizwa Septemba 2024. Hapo katikati wameshabeba ubingwa wa 2023 na wa 2024. Mimi sisemi wana hatia, ila fikiria mheshimiwa, kama ni wasafi wametembea na tuhuma shingoni muda wote huo, na kama sio wasafi basi kuna wenzao walionyimwa kombe na hakuna wa kuwarudishia ile siku.

Halafu Manchester City nao wakaishtaki Ligi Kuu ya Uingereza, kuhusu sheria ya udhamini kutoka kampuni zenye uhusiano na mwenye timu. Februari 2025 jopo likasema sheria ile ilivyokuwa kati ya 2021 na 2024 ni batili, kisa kikubwa ilikuwa haihesabu mikopo ambayo wenye timu wanazikopesha klabu zao. Hapa ndio naomba usome taratibu, kwa sababu inatugusa sisi wa nyanda za juu kusini moja kwa moja. Mbeya City ilianzishwa na halmashauri ya jiji, Prisons ni ya Magereza, hizi timu hazina tajiri wa kuzimwagia mkopo usio na riba. Msimu wa 2013/14 City yetu ilimaliza ya tatu, uwanja wa Sokoine unajaa jezi za zambarau mpaka watu wanapanda juu ya miti. Mkitunga sheria inayobana udhamini halafu ikauacha mkopo wa tajiri upite, mtakuwa mmetufunga mikono sisi na kumwachia yeye mlango, na mwanasheria wake akienda mahakamani atashinda kama walivyoshinda Manchester City.

Kwa hiyo hesabuni pesa yote, ya mdhamini na ya mkopo. Hesabu za klabu zikaguliwe kabla ligi haijaanza, wanaosikiliza kesi wasiwe viongozi wa klabu yoyote, hukumu itoke na sababu zake tuzisome wote kwa Kiswahili, na rufaa iwe imeisha kabla ya mzunguko wa pili. Mkihitaji maoni ya mashabiki njooni Mbeya siku ya mechi, hata nusu saa kabla ya kuanza, tutakaa nanyi hapo nje ya Sokoine tuongee.