Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale, Zanzibar: Mikono iliyojenga Kanisa la Mkunazini

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Mkunazini, mtaa nilikozaliwa, ambako adhana na kengele ya kanisa zimekuwa zikipishana tangu nipate akili. Mimi ni Muislamu. Sijapata kusali ndani ya Kanisa Kuu la Kristo, lakini nimeingia humo mara nyingi mno. Baba yangu alikuwa fundi wa chokaa, na kila alipopita na mimi kanisani alinisimamisha mbele ya ukuta, akanishika mkono na kuubandika pale kwenye lipu. "Sikiliza," alikuwa akisema, kana kwamba kiganja kina sikio. Ninachokuomba leo kinatokana na ukuta ule.

Kabla ya Ramadhani iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, wakaingia wageni na mtembezaji wao. Aliwaonesha zile nguzo kumi na mbili zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Akawaambia kuwa askofu alisafiri, mafundi wakabaki peke yao, na hawakujua upande upi ni wa juu. Wageni wakacheka, wakapiga picha, wakatoka haraka kwenda kuona vyumba vya chini ya ardhi. Sikumlaumu kijana yule, maana hivyo ndivyo alivyofundishwa, na kisa chenyewe wazee nao wanakisimulia. Kilichoniuma ni kicheko.

Hebu tuwafikirie hao waliochekwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa lililokuwa hapa likafungwa. Mwaka huohuo kiwanja kikaingia mikononi mwa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, sehemu yake ikiwa imetolewa na tajiri mmoja wa Kihindi, na siku ya Krismasi jiwe la msingi likawekwa. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Sheria haikuuondoa Unguja mpaka 1897. Kwa hiyo wakati kuta hizi zinapanda, mji ulioziona zikipanda ulikuwa bado una mabwana na watumwa wao, na miongoni mwa waliobeba mawe walikuwamo watu waliokwisha kuwa watumwa na kukombolewa.

Mtu aliyechukuliwa kwao upande wa Nyasa, akatembezwa mpaka pwani, akapakiwa jahazini, angeijulia wapi nguzo ya Kizungu na taji lake? Aliambiwa asimamishe jiwe, akalisimamisha. Inakaribia miaka mia moja na hamsini, halijayumba. Jina la Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huu, kila mgeni analisikia akivuka kizingiti. Majina yao hayatajwi. Zile nguzo kumi na mbili ndizo ushahidi kwamba walikuwapo, kwamba mikono yao iligusa hapa na hapa. Nami kila nikiziona hunijia heshima.

Simnyang'anyi Steere haki yake. Alikuwa amesomea sheria, alifika Unguja 1864 pamoja na Askofu Tozer, akakaa na wenyeji akiwasikiliza hadi akaweza kuiandika sarufi ya lugha yao na kutafsiri Agano Jipya. Vijana waliokombolewa aliwafundisha kazi ya kupiga chapa. Kiunguja alichokihangaikia ndicho kilichokuja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu tunachoandikiana wewe na mimi.

Na katika ujenzi alikuwa mkaidi, ukaidi ninaoupenda. Unajua, Mheshimiwa, vyumba vya nyumba zetu za Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba. Sababu ni boriti. Boriti ya mkoko ina urefu wake, na huo ndio unaoamua upana wa chumba. Ukitaka kupanua zaidi, dari haina cha kukalia. Steere hakutaka kutawaliwa na boriti. Alitaka paa la tao moja, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu wake, la zege lenye vipande vya matumbawe, lisilo na mti hata mmoja katikati. Walikuwapo walioapa kwamba litaanguka. Kufikia 1880 lilikuwa limesimama, na leo ukiinua uso pale katikati hakuna kinachozuia jicho mpaka kwenye madhabahu. Matao ya madirisha yamechongoka kwa mtindo wa Gothiki, lakini ukiyatazama kwa muda unaona yanazungumza na matao ya misikiti na ya milango yetu. Nimewahi kumwona mzee wa Kiarabu akisimama uani na kuyatazama kama mtu anayemtambua jamaa yake kwenye umati.

Steere alifariki Agosti 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu hayohayo kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, kuonesha mahali ambapo inaaminika ulikuwapo mti wa kuwachapia watumwa. Hapo sisemi mengi. Anayepaona anaelewa, kama anavyoelewa akitoka uani na kukutana na zile sanamu tano zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, watu waliosimama shimoni na minyororo ya kweli shingoni.

Sasa nirudi kwenye ukuta. Jengo la matumbawe linakunywa maji. Masika yakija, jiwe linayavuta kutoka ardhini na kutoka hewani, na chumvi inapanda pamoja nayo. Ukuta uliopakwa chokaa unayarudisha maji hayo taratibu, jua likiwaka unakauka. Ukiupaka saruji unakuwa umeuziba mdomo. Maji yanabaki ndani, chumvi inakuwa unga, na siku moja lipu inadondoka na jiwe nalo limeshalika. Ndicho alichotaka kiganja changu kisikie baba yangu: ubaridi wa ukuta unaopumua. Wa saruji ulikuwa mkavu juu juu, na ukiugonga unatoa sauti ya debe.

Chokaa haitaki pupa. Unachoma mawe ya matumbawe juu ya magogo, yakishaungua unayamwagia maji, kisha unaiacha ikae, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Baba alikuwa hagusi chokaa ambayo haijakaa miezi. Siku hizi mwenye nyumba anataka fundi aanze Jumatatu na Ijumaa awe amemaliza. Mafundi wenyewe waliokuwa wakiijua kazi hiyo wanazidi kupungua, na watoto wao wako kwenye bodaboda na hotelini.

Najua kanisa lilifanyiwa ukarabati mkubwa kuanzia 2013 hadi 2016, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, na kwamba Kituo cha Urithi wa Biashara ya Utumwa kilifunguliwa palepale. Nashukuru kwa moyo wote. Lakini mradi una mwanzo na mwisho, na ukuta wa matumbawe hauna likizo. Ufadhili ukimalizika, mafundi wanatawanyika, na ufa unaoanza mwaka unaofuata hauna wa kuuziba mpaka mfadhili mwingine apatikane.

Mheshimiwa, sote tunakumbuka tarehe 25 Desemba 2020. Sehemu ya Jumba la Maajabu, kasri la Sultan Barghash, ilianguka mchana kweupe, mnara wake ukashuka, na watu wawili waliokuwa kazini wakapoteza maisha. Wazee husimulia kwamba Sultan Barghash ndiye aliyelitunuku kanisa saa ya mnarani, kwa sharti kuwa mnara usilizidi kimo Jumba la Maajabu. Jirani aliyekusudiwa kuwa mrefu kuliko wote ndiye aliyetangulia kuanguka, tena siku ya Krismasi, siku ileile ambayo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mwaka 1873. Tangu siku hiyo kila nikipita Mkunazini naangalia juu.

Ombi langu ni hili. Anzisha kikosi cha kudumu cha mafundi wa chokaa wa Mji Mkongwe, wenye mshahara wa kila mwezi na si posho ya mradi, na uwape wanagenzi. Kaa na Kanisa la Anglikana mkubaliane kanisa liwe darasa lao la kwanza, kwa sababu sijui jengo jingine mjini linaloonesha kwa pamoja ukuta wa matumbawe, matao, na paa la aina ile. Waanze na dogo: tanuri moja la kuchoma chokaa, shimo la kuikalisha, na ukaguzi wa kila baada ya masika, ufa uandikwe, uzibwe mapema. Wazee wachache wanaoijua kazi hii bado wako hai. Wengine wanatembea kwa bakora, lakini midomo na macho yao yanafanya kazi, na hilo ndilo linalohitajika kwa mwalimu.

Na vijana wa utembezaji, wanapofundishwa kabla ya kupewa leseni, wafundishwe kuwataja waliojenga. Kisa cha nguzo wasikiache. Wamwambie mgeni kwanza ni nani waliozisimamisha, walitoka wapi, na nini kilikuwa kikifanyika kwenye ardhi ile kabla. Baada ya hapo, mgeni akitaka kucheka, acheke.

Mwiko na pima maji vya baba yangu bado ninavyo, vimefungwa kwenye gunia juu ya kabati. Siku kikosi kitakapoanza nitavileta mwenyewe, na nitamtafuta mwanagenzi mdogo kuliko wote nimkabidhi.

Wako katika kuutunza mji,

Mtoto wa fundi wa chokaa,
Mkunazini, Unguja