Kibodi za zamani zisitupwe, bado twazihitaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa ofisi na shule za Kaunti ya Lamu, wale ambao huamuru stoo zisafishwe. Kompyuta kuukuu huorodheshwa zipigwe mnada, lakini kibodi na vipanya vyake havihesabiwi kuwa mali. Hukatwa waya kwa ajili ya ile shaba kidogo iliyomo, mengine yakaenda jaani. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Langoni, na vitu hivyo ndivyo ninavyohangaika kuvitafuta.

Watu huniuliza kibodi ya plagi ya duara ni ya nini na za USB zimejaa madukani. Kazi yangu kubwa ni kuwatolea watu maandishi yao kwenye flopi, zile diski bapa za kuhifadhia za kompyuta za zamani. Yako majumba hapa mjini ambayo hesabu za wakfu, wasia na nasaba za ukoo zilichapwa kwa kompyuta miaka ya tisini, kisha kompyuta ikafa na flopi zikabaki kabatini. Bibi mmoja wa Mkomani aliniletea zake amezifunga kwenye leso. "Mwanangu, nitazamie humu mna nini, marehemu hakunambia." Mlikuwa na orodha ya wapangaji wa nyumba ya wakfu, jina kwa jina, na kodi aliyolipa kila mmoja. Karatasi zake zilishaliwa na mchwa zamani.

Flopi ndogo za inchi 3.5 bado husomeka kwa kidude cha kuchomeka kwenye USB. Zile pana za inchi 5.25 hazina njia nyepesi hiyo, zataka mashine ya enzi yake. Kwa hiyo nina kompyuta mbili mezani, moja ya DOS, mfumo wa kale wa kuendeshea kompyuta, na moja ya Windows 98, na zote zataka hiyo plagi ya duara ya pini 6 iliyoletwa na IBM mwaka 1987 pamoja na kompyuta zake za PS/2. Hewa yetu ya chumvi nayo haina huruma na pini. Kibodi nzima iliyonibakia ni moja, na kipanya kimoja. Kuchomoa na kuchomeka kompyuta ikiwa inawaka hakufai, kwani soketi hizo hazikuundwa kwa hilo na waweza kuunguza fyuzi ndogo iliyo kwenye bodi.

Ndipo nikaunda kisanduku cha kugeuzia, ili kibodi hiyo moja na kipanya hicho kimoja vitumikie kompyuta zote mbili kwa zamu, na nataka vijana wajue kwamba si uchawi. Katika pini 6, zinazofanya kazi ni nne tu: data, ethi (waya wa ardhi), volti 5 na mapigo ya saa yanayopanga mwendo wa data. Ethi zote huungwa pamoja. Data na mapigo ya kibodi, pamoja na data na mapigo ya kipanya, hupita kwenye swichi ya kuzungusha yenye njia nne zinazogeuka kwa mpigo mmoja. Kompyuta iliyoachwa haisumbuki. Waya zake hubaki na volti zake kutoka ndani, nayo huona kama mtu ameondoa mikono tu.

Volti 5 ndizo zenye siri. Hizo hazipitishwi kwenye swichi kamwe. Kipanya kikikatiwa umeme hata mara moja huanza upya na kukaa kimya, kikingoja kompyuta ikiamuru kianze kutuma taarifa, na kompyuta iliyokwisha kuwaka haina habari kwamba yapasa iamuru tena. Kwa hiyo umeme huchukuliwa kwa kompyuta zote mbili, kila mmoja ukipitia dayodi yake, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili ule wa mashine inayowaka usirudi kwenye iliyozimwa. Natumia dayodi za Schottky kwa sababu hula volti chache kuliko za kawaida.

Kipanya chenyewe kiwe cha vitufe viwili, bila gurudumu. Cha gurudumu kikizoeshwa na Windows hutuma baiti, yaani vipande vya taarifa, nne kila kinaposogea, na DOS yangoja tatu. Mshale utarukaruka kama uliopagawa. Na unapowasha kompyuta, swichi iwe imeielekea, la sivyo italalamika kwamba haina kibodi.

Hiki ndicho kifaa ambacho mwanafunzi wa chuo cha ufundi angeweza kukilehemu kwa mkono wake na kukielewa chote, waya kwa waya. Nasikitika sana kuona vijana wetu wakifundishwa kompyuta kwa kubofya tu, hali vitu vya kufundishia vinatupwa ng'ambo pale Mokowe.

Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 inaruhusu taasisi ya umma kuhamishia vitu isivyovihitaji kwa taasisi nyingine ya umma, kwa malipo au bila malipo. Nawaomba basi wakuu wa ofisi: kabla stoo haijasafishwa, kibodi na vipanya vya plagi ya duara vitiwe katika orodha pamoja na kompyuta zake, waya zisikatwe, na vipelekwe vyuo vya ufundi vya kaunti. Mimi niko tayari kwenda kuwaonyesha wanafunzi jinsi kisanduku kinavyoundwa, bila kudai hata nauli ya boti.

Fundi wa kompyuta,
Langoni, Lamu