Raia waliouawa kwa maneno ya sebuleni

Mhariri,

Makala yenu kuhusu utawala wa Hitler ilitaja wanajeshi tu miongoni mwa waliouawa kwa maneno yao. Raia je? Amri ya Agosti 1938 ilifanya kuwavunja watu moyo wa vita hadharani kuwa kosa la kifo. Majaji wakaitanua hadi sebuleni: ilitosha kwamba msikilizaji angeweza kuyasambaza maneno. Elfriede Scholz, fundi cherehani wa Dresden, alisema Ujerumani imeshashindwa. Mwenye nyumba wake akamchongea. Alikatwa kichwa tarehe 16 Desemba 1943. Kisha, na hili linatuuma zaidi, dada yake akaletewa ankara ya gharama za kesi na kuuawa kwake: maraki (fedha za Ujerumani) 495.80. Vijana wetu hapa Tanga hupita kila siku mbele ya majengo ya Wajerumani. Tunaomba mchapishe habari za raia hawa.

Walimu wa historia,
Tanga