Mkono ukivimba, utepe umeshachelewa

Mhariri,

Dada yangu alipasuliwa kwa saratani ya titi, akaondolewa na tezi za kwapani. Mwaka uliofuata pete yake ya ndoa ikagoma kuvuka fundo la kidole. Kliniki wakampima mkono kwa utepe, kama wa fundi cherehani, wakasema tofauti na wa pili ni ndogo, asubiri. Akasubiri. Leo mkono wa blauzi haupiti, na ngozi ukiibonyeza haibonyei.

Utepe hupima uvimbe. Mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwilini kwenye damu, inapoanza kushindwa kazi, utepe hauioni. Kipimo kinachoiona kipo: mgonjwa huchomwa chini ya ngozi ya mkono kiasi kidogo cha rangi ya kijani, indosianini, ambayo Marekani iliiruhusu hospitalini tangu 1959. Kisha humulikwa kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kwenye skrini limfu huonekana ikipanda kwa mistari, ikisukumwa kwa mapigo. Njia ikiharibika, mistari hupotea na rangi hutapakaa ngozini kama wino kwenye kitambaa kibichi. Hakitumii mionzi ya nyuklia. Kweli, hakioni mbali chini ya ngozi, sentimita moja au mbili tu, na mwenye mzio wa ayodini aseme mapema.

Nitajibiwa kwamba kamera ni ghali na hata dawa za saratani hazitoshi. Sibishi. Lakini kamera za aina hiyohiyo huwasaidia wapasuaji kwingineko kuitafuta tezi ya kwanza inayopokea limfu kutoka titini, wakaichunguza hiyo badala ya kufyeka kwapa zima. Pengine dada yangu asingefika hapa.

Na sisi wa pwani tuna matende. Minyoo yake hukaa ndani ya mishipa hiyohiyo miaka 6 hadi 8, ikiitanua na kuiharibu mguu ukiwa bado mwembamba. Tangu kampeni ianze Mafia mwaka 2000 tumemeza ivermektini na albendazoli, na maambukizi yamepungua sana. Ila vidonge havizibui mshipa uliokwisha haribika, wala havituambii ni wa nani.

Ninachoomba wizara ni hiki: hospitali ya rufaa itakayonunua kamera ya upasuaji iulize kwanza kama ina mwanga huo.

Dada, kwa sasa, hufunga bandeji kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Pete ameitia kwenye mkufu.

Msomaji wako,
Tanga